Wazao wa Karema: Nasaba Iliyokatwa na Nasaba Iliyoanzishwa

Karema ni mji mdogo ulio kando ya Ziwa Tanganyika, upande wa magharibi wa Mkoa wa Katavi. Mpanda, makao makuu ya mkoa, iko mbali nao upande wa mashariki, ng'ambo ya vilima na misitu ya miombo. Mgeni afikaye Karema huonyeshwa majengo mazito ya misioni ya Kikatoliki, na huambiwa kwamba mahali hapo zamani palikuwa na boma la Wabelgiji. Akiuliza boma lilijengwa na nani, hujibiwa upesi, kwa kuwa vitabu vimekwisha kusema. Lakini akiuliza ni akina nani leo walio wazao wa boma hilo, jibu haliji upesi. Na huenda likaja kwa sauti ya chini.

Sababu ya ukimya huo ndiyo yastahili kuchunguzwa. Katika nchi nyingi kazi ya kutafuta wazao wa jamaa yenye ardhi hufuata njia moja. Mtafiti huanza na hati ya shamba, akasoma jina la mwenye mali. Kisha huutafuta wosia, apate kujua mali ilimwendea nani. Kisha kitabu cha ndoa, kisha jiwe la kaburi. Na hivyo hushuka kizazi baada ya kizazi mpaka awafikie walio hai. Njia hiyo ni nzuri maadamu hati na damu vimekwenda pamoja. Lakini pale ambapo hati imeshika njia yake na damu imeshika nyingine, mtafiti aifuataye hati peke yake ataishia kuandika historia ya karatasi.

Mfano ulio mashuhuri watoka Marekani, katika Virginia, iliyokuwa koloni la Waingereza. Thomas Jefferson alizaliwa huko mwaka 1743 katika jamaa yenye mashamba. Baba yake, Peter Jefferson, alipofariki mwaka 1757 alimwachia ardhi na watumwa, na katika maisha yake yote Jefferson alimiliki watumwa zaidi ya 600. Alipofariki mwaka 1826, baada ya kuwa Rais wa nchi yake, aliacha madeni makubwa, hata watumwa wapatao 130 wa shamba lake la Monticello wakatangazwa mnadani mwezi wa Januari 1827. Wazao wa binti zake waliandikwa vizuri, na mwaka 1913 waliunda chama cha kuyatunza makaburi ya jamaa yao pale Monticello. Lakini wazao wa Sally Hemings, mwanamke aliyekuwa mtumwa wa nyumba hiyo, hawakuandikwa katika shajara hiyo. Mwanawe mmoja, Madison Hemings, alisimulia katika gazeti la Ohio mwaka 1873 kwamba Jefferson ndiye aliyekuwa baba yake. Wanahistoria wengi waliikataa habari hiyo kwa muda wa miaka zaidi ya 100, kwa hoja kwamba haikuandikwa katika karatasi za mwenye shamba.

Mwaka 1998 upimaji wa vinasaba ulionyesha kwamba mzao wa kiume wa Eston Hemings, ndugu yake Madison, alikuwa na alama ile ile ipitayo kutoka kwa baba hadi mwana katika ukoo wa Jefferson. Upimaji huo peke yake haukuweza kusema ni Jefferson yupi aliyekuwa baba. Lakini ulipowekwa pamoja na tarehe, barua na masimulizi, shirika lenye kuitunza Monticello lilikiri mwaka 2000 kwamba yaelekea sana kuwa ni Thomas Jefferson mwenyewe. Hata hivyo, mwaka 2002 chama cha makaburi kilipiga kura kuwakatalia wazao wa Hemings uanachama. Shauri lilikuwa nani ana haki ya kuzikwa katika udongo ule. Na haki ya kuzikwa ni namna moja ya kusema nani ni mwenyeji.

Karema haikuwa Virginia. Hapakuwa na shamba la tumbaku wala mnada wa watu chini ya bendera ya wenye boma, na wale walionunuliwa hapo walinunuliwa ili waachwe huru. Lakini swali ni lile lile: mahali ambapo mwenye karatasi na mwenye kuzaliwa hawakuwa jamaa moja, wazao watafutwe kwa upande upi? Mambo ya Karema yaonyesha kwamba aifuataye hati hutolewa nje ya nchi, na hati humwishia mikononi. Lakini awafuataye watoto waliofika hapo bila ya ukoo huwakuta watu walio hai.

Habari zaanzia Brussels. Mwezi wa Septemba 1876 Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji alikusanya wataalamu na wasafiri, wakaunda Jumuiya ya Kimataifa ya Afrika, ambayo ilitangaza kwamba shabaha yake ni elimu na kupiga vita biashara ya utumwa. Msafara wa kwanza ulipata msiba mapema: maofisa wawili, Crespel na Maes, walifariki Unguja mwezi wa Januari 1878 kabla hawajaingia bara. Aliyefika ziwani ni Kapteni Cambier, naye mwezi wa Agosti 1879 alianza kujenga Karema, kwa mapatano na wenye nchi. Majirani zake walikuwa Wabende na Watongwe kaskazini, Wakonongo na Wapimbwe upande wa mashariki, na Wafipa kusini. Na watu wa ng'ambo ya ziwa walivuka mara kwa mara kwa mitumbwi. Haikuwa nchi tupu. Ilikuwa nchi yenye watemi, njia za misafara, na vita vya zama zile.

Hatari ya zama hizo ilionekana mara. Mwaka 1879 Jumuiya ilileta tembo wanne kutoka Bara Hindi, ili kupima kama mnyama huyo angeweza kubeba mizigo badala ya wapagazi. Mmoja tu aliwasili Karema, mwezi wa Desemba mwaka huo, naye hakuishi sana. Kiongozi wa msafara huo, Carter, pamoja na mwenzake Cadenhead, waliuawa Mpimbwe mwezi wa Juni 1880 walipokuwa wakirudi pwani, katika vita vya Mtemi Mirambo na washirika wake. Kapteni Ramaeckers, aliyeshika uongozi wa Karema baadaye, alifariki hapo hapo mwaka 1882. Baada yake akaja Storms, ambaye mwaka 1883 alijenga kituo kingine ng'ambo ya ziwa, mahali paitwapo Mpala.

Hata ziwa lenyewe halikukaa mahali pake. Miaka ile Ziwa Tanganyika lilikuwa limejaa sana; kisha maji yakapata njia ya kutoka kwa Mto Lukuga upande wa magharibi, na kina chake kikapungua mwaka hata mwaka. Boma lililojengwa karibu na maji likajikuta mbali na pwani, na nchi kavu ikatokea mahali palipokuwa pa mitumbwi. Jambo hili lamkumbusha mwanahistoria kwamba hata mpaka aliodhani ni wa asili waweza kusogea katika umri wa mtu mmoja.

Mwaka 1885 mambo ya Ulaya yalibadili mambo ya Karema. Leopold alikuwa amepata Kongo katika Mkutano wa Berlin, na vituo vya mashariki ya ziwa havikumfaa tena. Basi Karema na Mpala vikakabidhiwa kwa Mapadre Weupe, shirika lililoanzishwa na Kardinali Lavigerie katika mji wa Algiers mwaka 1868. Kwa hivyo katika muda wa miaka sita boma lilikuwa limepita katika mikono miwili, na amri kuu juu yake ilitoka kwanza Brussels, kisha Algiers. Bado hatua nyingine zilikuwa zaja. Kwa mapatano ya mwaka 1890 nchi ya mashariki ya ziwa iliwekwa katika milki ya Wajerumani. Na kwa amri yao ya mwaka 1895 ardhi yote isiyothibitishwa kuwa na mwenyewe ilihesabiwa kuwa mali ya serikali. Waingereza walikuja baada ya Vita Kuu ya Kwanza, wakatunga sheria yao ya ardhi mwaka 1923. Mtafiti azifuataye karatasi hizi atapanda kutoka ofisi hadi ofisi, na mwisho wake atajikuta Ulaya, mbele ya makabati, wala hatamkuta mzao hata mmoja. Mapadre wenyewe, kwa nadhiri yao, hawakuoa wala kuzaa. Jamaa iliyoishika Karema kwa muda mrefu kuliko wageni wote ilikuwa jamaa isiyozaa.

Lakini jamaa hiyo ilikuwa na watoto. Mapadre walikuwa wakiwakomboa watumwa, hasa watoto, kutoka kwa wafanyabiashara wa misafara. Walipokea pia mayatima na watu waliokimbia vita. Watoto hao walifundishwa dini, kusoma na kazi za mikono; walipokua waliozeshwa wao kwa wao au kwa wenyeji, wakapewa mahali pa kujenga na kulima karibu na misioni. Ndivyo vilivyozaliwa vijiji vya Wakristo kando ya boma. Uhuru waliopewa ulikuwa na masharti yake, kwa kuwa aliyekombolewa alibaki chini ya amri ya misioni, na ndoa yake, kazi yake na kijiji chake viliongozwa na padre. Ni haki kusema hivyo. Na ni haki pia kusema kwamba aliyetoka katika mnyororo wa msafara alijua vizuri tofauti ya amri hiyo na ile aliyoiacha nyuma.

Hapa ndipo nasaba ilipokatika. Wahenga walisema, mwacha asili ni mtumwa. Methali hiyo humlaumu mtu anayezitupa desturi za wazee wake kwa hiari. Kwa watoto wa Karema maneno yaligeuka: hawakuiacha asili, bali asili iliondolewa kwao, kisha wakaitwa watumwa. Mtoto aliyetekwa akiwa na umri wa miaka minne au mitano huenda alikumbuka sura ya mama yake, lakini hakuweza kumwambia mwandishi jina la babu yake, wala mto uliokuwa karibu na kijiji chao. Katika desturi za nchi hizi mtu hutambulishwa kwa ukoo wake: hapo ndipo mwiko wake, mahari yake, mazishi yake na haki yake ya shamba vilipotoka. Kumwondolea mtu ukoo kulikuwa ni kumwondolea vyote hivyo kwa pigo moja.

Basi mtafiti afanyeje? Vipo vitabu vinavyoweza kumsaidia, maadamu ajue namna ya kuvisoma. Kitabu cha ubatizo cha Kanisa Katoliki huandika jina la mbatizwa, tarehe, majina ya wazazi na jina la msimamizi. Kwa mtoto aliyekombolewa nafasi ya wazazi si ya kutegemewa. Lakini jina la msimamizi ni la thamani, kwa kuwa aghalabu huonyesha ni nani aliyemchukua mtoto katika jamaa mpya. Tena kwa amri ya Kanisa iliyoanza kutumika mwaka 1908, ndoa ya Mkristo huandikwa pembeni mwa mstari wa ubatizo wake. Mstari mmoja, pamoja na pambizo lake, waweza kumtoa msomaji katika utoto wa mtu hadi nyumba yake. Halafu pana kitabu cha hali ya roho za parokia, ambacho huorodhesha watu nyumba kwa nyumba. Na pana shajara za misioni, kwa maana Lavigerie aliagiza kila kituo kiandike habari za kila siku. Shajara hizo ziliandikwa na mapadre kwa macho ya mapadre. Hata hivyo huonyesha misafara iliyopita, njaa, magonjwa na vifo, na kwa hayo tarehe nyingi za jamaa zaweza kupatikana.

Vitabu hivi vina tabia moja ambayo hati za ardhi hazina. Hati humtaja mwenye mali, na wengine wote huwa kimya ndani yake. Kitabu cha ubatizo humwandika kila aliyepita mbele ya maji, mtoto wa mtemi na mtoto aliyenunuliwa, mmoja chini ya mwenzake. Kwa hivyo mtu ambaye hakuwa na neno katika karatasi za serikali aweza kuonekana hapo mara tatu au nne: alipobatizwa, alipooa, alipowaleta watoto wake, na alipozikwa.

Watu wawili wanaojulikana katika historia ya ziwa waonyesha jinsi njia hizi mbili, ya hati na ya damu, zinavyotofautiana. Wa kwanza ni Léopold Joubert, Mfaransa aliyezaliwa mwaka 1842, ambaye katika ujana wake alikuwa askari wa Papa mjini Roma. Lavigerie alikuwa na fikira ya kuanzisha ufalme wa Kikristo katikati ya Afrika, wenye kulindwa na askari kama huyo. Joubert alifika Karema mwaka 1886, kisha akavuka ziwa kwenda Mpala, akajenga kijiji chake huko Mrumbi, alichokiita kwa jina la Mtakatifu Louis. Kwa miaka mingi alipigana na watu wa Rumaliza, mfanyabiashara mkuu wa Ujiji. Fikira ya ufalme ilikufa Waulaya walipokwisha kugawana nchi, lakini Joubert hakurudi kwao. Mwaka 1888 alimwoa Agnes Atakaye, mwanamke wa ziwani, kwa ndoa ya kanisani, wakazaa watoto. Akabaki na jamaa yake kando ya ziwa mpaka alipofariki mwaka 1927.

Mtafiti aanzaye na jina la Joubert huko Ufaransa atakuta mwana wa nyumba fulani aliyeondoka asirudi, na mstari wa shajara uliokatwa. Akianza na Agnes, atakuta mwanzo wa jamaa. Watoto wake walizaliwa katika nchi ya mama yao, wakasema lugha za ziwani, na mpaka wa wakoloni ulipopigwa katikati ya maji, wakahesabiwa kuwa watu wa upande wa Kongo. Kwa hiyo habari iliyoanza Karema yamalizikia ng'ambo. Mipaka ya mikoa na ya mataifa haikuwekwa kwa kufuata nasaba, na ashikaye nasaba ya watu wa ziwa hana budi kuvuka.

Wa pili ni Adrian Atiman. Huyu alizaliwa karibu na Mto Niger, katika nchi za Timbuktu, yapata mwaka 1866. Alitekwa akiwa mtoto, akapelekwa jangwani, akauzwa. Na huko Algeria Mapadre Weupe wakamkomboa. Lavigerie aliwachagua vijana Waafrika kadhaa wasomeshwe uganga katika kisiwa cha Malta, naye Atiman alikuwa mmoja wao. Alimaliza masomo mwaka 1888, na mwaka 1889 aliwasili Karema baada ya safari ndefu ya miguu kutoka pwani. Alikaa hapo akiwatibu watu mpaka alipofariki mwaka 1956, yaani miaka 67. Katika muda huo Wajerumani walikuja wakaenda, na Waingereza walikuwa wamekaribia kwenda.

Atiman hakuwa na ukoo Tanganyika. Nchi aliyozaliwa ilikuwa upande wa pili wa bara, na hapakuwa na mtu kuanzia Ujiji mpaka Ufipa aliyeweza kumwambia, nawajua wazee wako. Lakini alioa mwanamke wa jamaa ya watemi wa Wabende. Jambo hili si dogo. Mtu aliyeondolewa asili yake aliungana na nyumba ambayo asili yake ilikuwa katika udongo ule ule, kabla ya Wabelgiji, kabla ya mapadre. Watoto wake kwa upande wa baba walikuwa wageni wa mbali kabisa. Kwa upande wa mama walikuwa wenyeji kuliko boma. Mwana wao, Joseph, akawa padre.

Tena Atiman hakuacha habari zake zisimuliwe na wengine tu. Maisha yake, kwa maneno yake mwenyewe, yalichapishwa mwaka 1946 katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Yafaa kuyaweka maandishi hayo karibu na simulizi la Madison Hemings la mwaka 1873. Wote wawili walizaliwa au walilelewa katika utumwa. Wote wawili walisema wenyewe walikotoka. Tofauti ni kwamba Hemings alidai nasaba ambayo wenye shamba waliikataa, na Atiman alisimulia nasaba iliyokatwa ambayo hakuna aliyeweza kuiunganisha tena. Lakini katika yote mawili ushahidi mkubwa ulitoka kinywani mwa yule ambaye hati zilimhesabu kuwa mali. Leo jina la Atiman liko juu ya nyumba ya Mapadre Weupe jijini Dar es Salaam na juu ya hospitali mjini Sumbawanga.

Lakini si kila aliyekombolewa alikuwa Atiman. Wengi walikuwa wakulima, wavuvi, maseremala na wake zao, wasio na jarida la kuwachapishia maisha yao. Baina yao na wazao wao pana pazia, na pazia hilo limewekwa kwa makusudi. Katika nchi za Afrika Mashariki kumwambia mtu kwamba babu yake alinunuliwa ni kumwambia neno zito. Laweza kutumiwa katika shauri la ndoa, katika ugomvi wa mpaka wa shamba, katika kuchagua mzee wa kijiji. Kwa hiyo jamaa nyingi ziliona ni hekima kunyamaza, au kuchukua jina la ukoo wa jirani waliooana naye, mpaka jina hilo likawa lao kweli. Huu si uongo wa kulaumiwa kama mtu aliyeghushi hati. Ndiyo njia ambayo watu waliitumia kujipatia tena kile walichonyang'anywa.

Kwa sababu hiyo mwanahistoria ana kazi mbili zinazovutana. Kazi ya kwanza ni kutafuta kweli, na kweli ya Karema haiwezi kuandikwa bila ya watoto waliokombolewa, kwa kuwa wao ndio waliojaza vijiji vile. Kazi ya pili ni kutomvua nguo mtu aliye hai. Pengine kazi hizi zaweza kupatanishwa hivi: historia ya watu wote pamoja iandikwe wazi, na nasaba ya kila nyumba iachwe mikononi mwa nyumba yenyewe. Aliyezaliwa katika jamaa hiyo akitaka kujua, vitabu visomwe mbele yake. Asipotaka, mtafiti hana haki ya kumpelekea babu mlangoni. Ndivyo walivyofanya hata huko Virginia tangu mwaka 1993, wale walioanza kukusanya masimulizi ya wazao wa watumwa wa Monticello: walikwenda kwa jamaa kwa idhini, wakasikiliza kwanza.

Msomaji aweza kuuliza faida ya haya yote ni nini, maadamu wakoloni wameondoka na utawala wa watemi ulikomeshwa mwaka 1963. Jibu ni kwamba swali la nani mwenyeji halijaisha. Kwa sheria za Tanzania za mwaka 1999 ardhi yote ni mali ya umma, na Rais ni mdhamini wake. Katika vijiji, halmashauri ya kijiji ndiyo itoayo hati ya hakimiliki ya kimila, nayo husikiliza wazee wakieleza nani alilima wapi na tangu lini. Hapo nasaba ya kusemwa kwa mdomo hugeuka kuwa karatasi, na aliyenyamaza juu ya mababu zake huweza kujikuta hana la kusema. Tena Karema imeanza kutazamwa upya tangu ilipojengewa bandari ya kisasa katika miaka hii ya 2020. Mahali ambapo ardhi hupanda thamani, maswali ya ukoo hupanda pamoja nayo.

Wala si Karema peke yake. Katika mkoa huo huo, Katumba na Mishamo, waliwekwa wakimbizi waliotoka Burundi baada ya mauaji ya mwaka 1972. Walifyeka msitu, wakalima, wakazaa watoto na wajukuu ambao hawajaiona nchi ya wazee wao. Mwaka 2007 serikali iliwapa wakimbizi wa mwaka 1972 nafasi ya kuchagua baina ya kurudi na kuomba uraia, na zaidi ya watu 162,000, wa Katavi na wa Ulyankulu huko Tabora, wakakubaliwa kuwa raia wa Tanzania. Wao nao ni watu ambao nasaba yao ilikatwa kwa nguvu, wakaanza nyingine katika udongo mpya. Karema yatangulia mbele yao kwa miaka karibu 90, nayo yaweza kuwaambia jambo: kwamba katika nchi hii wapo wenyeji wengi ambao wazee wao walifika bila ya ukoo, na hakuna leo awezaye kuwatenganisha na wengine.

Basi wazao wa Karema ni akina nani? Si watu wa Brussels, waliolijenga boma kisha wakaliacha. Si Wajerumani wala Waingereza, waliolihesabu katika vitabu vyao. Kwa damu ni wajukuu na vitukuu vya wale walioshuka kutoka katika misafara, na vya Wabende, Wafipa na watu wa ng'ambo waliooana nao. Hawakurithi boma kwa wosia, kwa kuwa hapakuwa na wosia. Walilirithi kwa kubaki. Mtafiti atakaye kuandika shajara yao aanzie chini, kwa walio hai na kwa idhini yao. Kisha apande kwa kitabu cha hali ya roho, kwa pambizo la ndoa, kwa mstari wa ubatizo, hata afike mahali ambapo jina la mzazi halikuandikwa. Hapo asimame, wala asibuni jina la kujaza nafasi hiyo. Nafasi iliyo tupu nayo ni habari: yaonyesha kwamba mtoto huyo alifika peke yake, na kwamba yote yaliyofuata chini ya mstari huo yalianza naye.